Uliza Mwalimu: "Mke wangu anasema nimegeuza sebule kuwa darasa"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naishi kijiji kimoja nje kidogo ya Mafinga. Nafuga nyuki, mizinga yangu nimeitundika pembeni ya mikaratusi, na nalima viazi. Mwaka jana tulinunua televisheni, shemeji yangu akanijazia flashi ya muvi zilizotafsiriwa. Katikati ya zile za mapanga na bunduki kulikuwa na moja ya mama wa Ulaya anayerina asali kwenye miamba. Nilitaka kuiruka. Nikaiangalia mpaka ikaisha, kesho yake nikairudia. Tangu hapo muvi nyingine sina hamu nazo. Kila jioni natafuta dokumentari kwenye simu na kuunganisha na televisheni: za wanyama, za wakulima, za watu waliobuni vitu.

Sasa mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na jioni ndiyo nafasi yake ya tamthilia, anasema nimegeuza sebule kuwa darasa. Kiingereza nacho kinanipita, naambulia neno hapa neno pale. Rafiki yangu ananicheka kwamba hayo ni maigizo kama muvi yoyote, kila kitu kimepangwa. Na bando linakatika katikati. Je, napoteza muda? Kama sipotezi, niangalie zipi?

Mrina Asali, Mufindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni na baridi. Hupotezi muda hata kidogo, na barua yako imenipa furaha kubwa.

Kwa maelezo yako, uliyoiona ni Honeyland, iliyotoka 2019. Mama yule ni Hatidze Muratova wa kijiji cha Bekirlija, Macedonia Kaskazini. Kijiji kimebaki magofu, hakina umeme wala maji ya bomba, na yeye anamuuguza mama yake mzazi asiyeinuka kitandani. Nadhani kilichokushika ni mikono yake. Anapita ukingo wa mlima mahali ambapo mimi nisingethubutu kupita, anaondoa bamba la jiwe taratibu, masega yako nyuma yake, anakata nusu na kuacha nusu. Nusu yangu, nusu yenu, anawaambia nyuki. Asiyewahi kurina ataona mandhari nzuri na mama mpole. Wewe uliona hesabu: kundi limeachiwa chakula cha majira ya baridi. Halafu anahamia jirani mwenye watoto wengi na ng'ombe, Hatidze anamfundisha ufugaji bila hiyana, anatokea mnunuzi anayetaka asali nyingi na anaitaka sasa, jirani anakata yote. Nyuki wake wenye njaa wanavamia mizinga ya Hatidze na kuwamaliza wa kwake. Hukuhitaji msimulizi akueleze uchungu ule. Umeshawahi kuona kundi likiporwa na kundi.

Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia: anza na kazi yako mwenyewe. Watu wengi huanzia pasipo pao. Wanasikia dokumentari ni kitu cha wasomi, wanatafuta ya nyota za mbinguni au vita vya Ulaya, dakika ya kumi wamelala, wanasema mambo haya si yetu. Ni yao, ila wameingilia mlango wa mtu mwingine.

Nimeliona hili darasani. Nilifundisha Jiografia Iringa na baadaye Njombe, na shule moja ilikuwa na projekta tuliyoiwasha Ijumaa jioni jenereta ikiwa na mafuta. Kijana mmoja wa Makete alikuwa akilala kila tukiwasha. Barafu ya ncha ya kaskazini, amelala. Volkano, amelala. Siku hiyo nikaweka kipande cha wakulima wa viazi wa milima ya Andes, Peru. Walitandaza viazi vidogo juu ya majani jioni, usiku vikaganda kwa baridi, jua la asubuhi likaviyeyusha, wakaja baba, mama na watoto, wakavikanyaga kwa miguu peku mpaka maji yakachuruzika. Wakaviacha tena usiku, wakavikanyaga tena, hadi vikakauka kabisa, vyeupe au vyeusi kufuatana na namna walivyoviandaa. Vikikauka hivyo vinakaa ghalani miaka. Yule kijana alikuwa amesimama. "Mwalimu, mbona kwetu nako umande unaganda, kwa nini viazi vyetu vinaoza?" Jioni ile hatukumaliza filamu. Tulifungua atlasi, tukalinganisha: uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, wale wako karibu mita 4,000, ambako baridi ya kugandisha inarudi usiku baada ya usiku na hewa ni kavu. Volkano niliyoshindwa kumwamshia aliisoma mwenyewe wiki iliyofuata, kwa sababu alitaka kujua milima ile ilitokeaje.

Kwa hiyo kuhusu mkeo, usimlazimishe nyuki. Yeye ni fundi cherehani. Mtafutie The True Cost ya 2015, inayofuata nguo kutoka shamba la pamba hadi dukani hadi kwenye marobota ya mitumba. Humo kuna jengo la Rana Plaza kule Bangladesh, lililokuwa na viwanda vya nguo, lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Kuna pia Haiti, ambako mitumba iliwanyima mafundi wa nyumbani kazi. Mkeo anajua maana ya mteja kumwambia "mbona gauni la mtumba ni bei nafuu kuliko ufundi wako?" Akiangalia hiyo mtakuwa na mazungumzo mengine kabisa. Na siku za tamthilia mwachie tamthilia yake. Televisheni ni moja na ninyi ni wawili. Dokumentari inayoangaliwa huku mwenzako amenuna haina ladha.

Lugha isikutie unyonge. Wakurugenzi wawili wa Honeyland, Tamara Kotevska na Ljubomir Stefanov, hawakukijua Kituruki anachozungumza Hatidze. Walipoanza kuihariri waliipanga kwa macho kwanza, bila kutegemea maneno, ndipo tafsiri ikafuata. Ndiyo maana na wewe uliielewa. Basi fanya kama wao: mara ya kwanza angalia kwa macho, shika nani anafanya nini na kitu gani kimebadilika. Mara ya pili weka maandishi ya chini na upunguze kasi hadi 0.75, YouTube inaruhusu hayo yote mawili. Neno linalojirudia liandike. Dokumentari ya nyuki itarudia maneno yale yale ya mzinga, sega, malkia na chavua, na hayo utayashika haraka kwa sababu kitu chenyewe unakijua. Kama jirani yako kuna mtoto wa kidato cha tatu au cha nne, mwite aje atafsiri. Akikwama, simamisha, mbahatishe pamoja. Kusimamisha ni haki yako, na mara nyingi utamu wenyewe uko hapo. Mtu anasema "hebu rudisha nyuma kidogo", na mabishano yanaanza.

Sasa rafiki yako. Usimdharau, ana nusu ya ukweli. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu ya mwindaji wa Kiinuiti kaskazini mwa Kanada, ambayo wengi huihesabu kuwa dokumentari ndefu ya mwanzo kabisa iliyopata umaarufu. Nanook halikuwa jina lake, aliitwa Allakariallak. Nyumba ya barafu aliyoonyeshwa akilala ilijengwa ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie kamera ione. Wanaonekana wakiwinda kwa mkuki wa kale wakati bunduki walikuwa wanazijua. Hata leo, ukisikia nyayo za chui kwenye majani makavu, kumbuka kamera ilikuwa mbali sana naye; sauti ile mara nyingi imetengenezwa studio. Mwaka 2011 BBC walilaumiwa Uingereza baada ya kujulikana kwamba watoto wa dubu wa barafu kwenye Frozen Planet walipigwa picha katika bustani ya wanyama Uholanzi, ilhali mtazamaji alidhani wako porini.

Hayo hayaifanyi dokumentari kuwa uongo. Yanakupa maswali ya kuuliza: aliyeshika kamera ametoka wapi, alikaa muda gani, na nani hakuulizwa? Honeyland walirudi kwa Hatidze kwa miaka mitatu, wakakusanya picha za saa zaidi ya 400, wakazipunguza hadi chini ya saa moja na nusu. Mtu akikaa nawe miaka mitatu, kuigiza kutakushinda. Linganisha na Serengeti Shall Not Die ya Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Walizunguka na ndege waliyoipaka mistari ya pundamilia wakihesabu wanyama, na Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai. Filamu ile iliifanya dunia nzima iipende Serengeti, na mimi nawashukuru kwa hilo. Lakini Grzimek aliamini hifadhi haipaswi kuwa na watu, na Wamasai walihamishwa Serengeti katika miaka hiyo hiyo. Ukiiangalia, tafuta Mmasai anayezungumza kwa kinywa chake mwenyewe.

Na Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, kuhusu sangara na ndege za mizigo za Mwanza: ilishindania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliipinga hadharani kwamba inachafua nchi. Mimi naona ina ukweli mchungu na pia ina kuunganisha mambo kwa haraka kuliko ushahidi ulioonyeshwa. Iangalie na huyo rafiki yako. Yeye mwenye mashaka ndiye mtu mzuri wa kuangalia naye ile.

Umeomba za watu waliobuni vitu. Anza na William and the Windmill ya 2013. William Kamkwamba ni jirani yetu, Mmalawi wa Wimbe, Kasungu. Njaa ya 2001 hadi 2002 ilipokumba Malawi, baba yake akashindwa ada, naye akaacha shule. Akawa anaenda maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaona picha ya vinu vya upepo kwenye jalada la kitabu cha nishati. Akatengeneza chake kwa fremu ya baiskeli, dinamo, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto akayanyoosha kuwa mapanga ya kinu. Mnara aliujenga kwa nguzo za mikaratusi, miti hiyo hiyo inayowalisha nyuki wako. Taa ikawaka, watu wakaja kuchaji simu. Mwaka 2007 aliitwa Arusha kuzungumza mbele ya wageni wa mataifa, na maisha yake yakageuka.

Naipenda filamu hii kwa sababu haiishii kwenye makofi. Inamfuata baada ya hapo, shuleni Afrika Kusini na chuoni Marekani, kijana mmoja aliyebeba matumaini ya kijiji, ya ukoo na ya wafadhili kwa wakati mmoja, na uso wake unaonyesha uzito huo. Dokumentari za kutia moyo ziko nyingi, na nyingi zinaishia pale mtu anaposhinda. Hizo zinakuchangamsha jioni, asubuhi huna cha kushika. Tafuta zinazoonyesha kazi ilifanyikaje, ikakwama wapi, nani alisaidia na kwa gharama gani.

Ukipata nafasi, tazama pia Black Gold ya 2006, inayomfuata Tadesse Meskela wa ushirika wa wakulima wa kahawa wa Oromia, Ethiopia, akihangaika kutafuta wanunuzi wa bei ya haki. Mpelekee ndugu yeyote uliye naye Mbozi au Mbinga. Ataijua kila sura.

Bando: ubora wa 360 unatosha, pakua usiku wakati bando ni nafuu, angalia jioni bila intaneti. DW na Al Jazeera wanaweka dokumentari nzima bure YouTube, kwa hiyo hakuna haja ya kununua za wizi.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa miaka saba anapenda sana vipindi vya wanyama, lakini simba akimkamata swala analia mpaka anashindwa kula. Baba yake anasema tumwache azoee, awe mwanaume. Nifanyeje?

Mama Baraka, Tukuyu

JIBU: Marahaba mama. Mtoto anayelia amemuelewa swala, na hilo si la kumkomesha. Usimzimie kwa hasira wala usimlazimishe amalizie. Mwambie mapema kitakachotokea: "Hapa simba ana watoto wana njaa, na swala naye anataka kuishi, unataka tuone au turuke?" Akisema turuke, rukeni. Baba yake nampa heshima yake, ila uanaume hauji kwa kutazama damu.

Akikua kidogo mwonyeshe My Octopus Teacher, ya Craig Foster, Mwafrika Kusini aliyekuwa akipiga mbizi kila siku kwenye maji baridi karibu na Cape Town akimfuatilia pweza mmoja. Ilipata Oscar 2021. Itazame wewe kwanza, kwa maana papa anamng'oa pweza mkono, kisha mkono unaota upya, na mwisho pweza anakufa baada ya mayai yake kuanguliwa, kama pweza jike karibu wote wanavyokufa. Mwanao akijua mapema kwamba mkono utaota tena, atasubiri kuuona.

Na msisahau mlima ulio juu yenu. Kipunji, nyani mwenye nywele zilizosimama kichwani, wataalamu walimwona Rungwe 2003 baada ya kusikia habari zake kwa wenyeji, na dunia ikatangaziwa 2005. Wawindaji wa huko walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina siku zote. Muulizeni babu yake mwanao kama aliwahi kumsikia kipunji msituni. Mkiwa na simu yenye kamera, mrekodini akieleza.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Nina kibanda cha video Mwanjelwa, watu wanajaa siku za mpira na usiku wa muvi. Jumapili mchana kiko kitupu. Nataka niweke dokumentari. Watu watalipa kweli? Na niweke ipi ya kwanza?

Mwenye Kibanda, Mbeya

JIBU: Salama kabisa, na hongera kwa wazo hilo. Watalipa ukiweka jambo linalowahusu, na ukiwapa nafasi ya kusema.

Nchi hii filamu za kuelimisha ziliingia zamani. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa Waingereza pale Vugiri, milima ya Usambara, uliotengeneza filamu 35 na kuzungusha lori likizionyesha vijijini. Za kilimo, za afya, za kodi. Mwananchi aliletewa tu, hakuulizwa anataka kuona nini. Wewe uliza. Bandika karatasi mlangoni wiki mbili, wateja waandike: bodaboda, ufugaji wa samaki, parachichi, wachezaji wa mpira walikotoka. Utashangaa.

Ya kwanza, kama ungeniachia nichague, ni The Empty Grave ya 2024, iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay pamoja na Mjerumani Agnes Lisa Wegner. Inazifuata familia mbili za Kitanzania zinazotafuta mabaki ya wazee wao yaliyochukuliwa wakati wa Wajerumani. Mmoja wa wazee hao ni Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Wajukuu wanakwenda hadi Berlin kugonga milango ya makumbusho. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea Novemba 2023 kuomba radhi, na kuomba radhi hakukurudisha fuvu la Nduna. Kiswahili kinasikika humo kwa wingi. Na kwa watu wa Nyanda za Juu habari hii si ngeni, maana fuvu la Mkwawa lilirudishwa 1954 na liko Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Kibandani kwako hakutakosekana Mhehe wa kusimama na kueleza, wala Mngoni wa kumjibu.

Ila usiichomoe kwenye simu ya mtu ukaonyesha kwa kiingilio. Waandikie watengenezaji, waambie ni kibanda, viti vingapi, kiingilio shilingi ngapi. Filamu za namna hii wenye nazo wanataka sana zionekane huku zilikotoka, na wengi hukubali kwa masharti mepesi. Ukikwama kwenye barua ya Kiingereza niletee, nitakuandikia.

Mpange mtafsiri mmoja mwenye sauti nzuri, yule yule anayewapendeza kwenye muvi anaweza, mradi asiongeze chumvi. Simamisha katikati mara moja, washa taa, waache wazungumze. Usiiweke siku yenye mechi kubwa. Kwa wazee, weka viti vyenye mgongo.